Vipimo Vilivyoipita Nyasa

Mwaka 1906 kilitoka Berlin kitabu kinene cha Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la ukoloni la Kijerumani, kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma pamoja na watu wake. Kiliambatana na mkusanyo mkubwa wa picha. Watu wa mwambao na wa milimani wamo, na mashamba yao, na zana zao, na nyumba zao. Leo mtu wa vijiji vya mwambao kama Mbaha, Lituhi au Liuli akitaka kuona makazi ya mababu wa mababu zake yalivyokaa, njia iliyo wazi zaidi inapitia maktaba za Ulaya na lugha ya Kijerumani. Siku hizi leza, droni na kompyuta zinatajwa kama mwanzo mpya katika kuhifadhi majengo, lakini upimaji una historia ndefu, na historia hiyo ndiyo iliyoamua kipi kipimwe na kipi kiachwe. Miaka minne kabla ya kitabu hicho, daktari huyohuyo alikwisha kuchapisha kingine chenye vipimo vya miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa. Nyumba na miili vilipimwa kwa jicho moja, na waliopimwa hawakuachiwa hata karatasi.

Kuna makazi ya ziwani ambayo hata Fülleborn alichelewa kuyaona katika enzi yake. Mwaka 1875, E. D. Young alipolizunguka Ziwa Nyasa kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ilala, aliandika juu ya vijiji vilivyosimamishwa kwenye nguzo ndani ya maji, karibu na ufuko. Walioishi humo walikuwa wamekimbia mashambulizi ya Wangoni. Wengine walijificha kwenye mapango na miamba, na Jiwe la Pomonda pale Liuli bado linasimuliwa na wenyeji kama kimbilio la wakati huo. Hofu ilikuwa fundi mkuu wa ujenzi wa karne hiyo: iliamua nyumba ikae wapi na ifikiweje. Jiwe lipo, mtalii anapiga nalo picha. Vijiji vya nguzo havipo, kwa kuwa mti huoza pale maji yanapokutana na hewa, na hakuna aliyechora namna nguzo zilivyofungwa wala sakafu ilivyobebwa.

Kisha wakaja wajenzi waliotembea na ramani. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yao, na mwaka 1903 wakaanza kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Petro, jengo la mawe lenye urefu unaokaribia mita 100, likawekwa wakfu mwaka 1911. Kutoka huko walihudumia mwambao wa mashariki kwa meli ya Chauncy Maples. Mmisionari wao William Percival Johnson, aliyelijua ziwa hili kwa zaidi ya miaka arobaini na kuliandikia kitabu mwaka 1922, alifia Liuli mwaka 1928. Upande wa bara, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, wakachoma matofali na kuinua makanisa yanayoonekana kutoka mbali. Majengo ya namna hii huzaliwa na michoro, barua za kuomba fedha na picha za siku ya kuzinduliwa. Yakibomoka kesho, mtu anaweza kuyajenga tena kwa kutumia makaratasi. Nyumba ya mvuvi iliyosimama mita chache kutoka kwenye kanisa hilo haina hata mstari mmoja.

Mgawanyiko huo, wa majengo yenye karatasi na yasiyo nayo, ulivuka salama hadi enzi ya kompyuta. Tazama Kilwa Kisiwani. Neville Chittick alichimba huko kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, na mwaka 1966 Peter Garlake akachapisha kitabu chake juu ya usanifu wa mapema wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kikiwa na michoro iliyopimwa kwa mkono: misikiti, mihirabu, kuta za matumbawe na chokaa, jumba la Husuni Kubwa. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Basi watu wenye leza walipotafuta pa kuanzia, Kilwa ilikuwa tayari ina jina, ina mipaka, ina sheria na ina michoro ya kulinganishia.

Aliyeongoza kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na njia yake ya kufika Kilwa ilianzia mbali na majengo. Katikati ya miaka ya 1990, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani zilifukua upya nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, ili zihifadhiwe vizuri kisha zifunikwe tena. Rüther alizipima kwa fotogrametria, yaani kupata vipimo kutokana na picha zinazopigwa kutoka pembe tofauti. Elimu hiyo ni kongwe kuliko kompyuta. Mjerumani Albrecht Meydenbauer aliiwazia mwaka 1858 baada ya kunusurika kuanguka alipokuwa akipima kanisa la Wetzlar kwa mikono, na mwaka 1885 serikali ya Prussia ikamfungulia taasisi ya kupiga picha za majengo kwa ajili ya kuyapima. Kilichobadilika katika zama zetu ni kasi. Hesabu iliyomchukua mtaalamu wiki nzima, kompyuta ya mezani huimaliza usiku mmoja.

Katika miaka ya 2000 Rüther akaanzisha Mradi wa Zamani, ambao umepima maeneo mengi ya urithi barani Afrika, Kilwa na Songo Mnara yakiwemo. Skana ya leza huwekwa juu ya miguu mitatu mbele ya ukuta, ikazunguka na kurusha mwanga, na kwa kila mwanga unaorudi hukadiria umbali. Inapohamishwa mahali pengine huanza upya, hadi hakuna kona iliyosalia. Nukta zinazopatikana ni mamilioni mengi, na zikiunganishwa jengo zima huonekana kwenye kioo: unaweza kuligeuza, kulikata katikati, kupima unene wa ukuta ambao hujawahi kuugusa. Mwaka 2020, shirika la CyArk, ICOMOS na Google wakaitumia Kilwa kuonyesha bahari inavyokula urithi wa pwani. Hiyo ni kazi njema na naiheshimu. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka, kila mtu aliona kwa nini vipimo huchukuliwa jengo likiwa bado limesimama.

Lakini Nyasa ilipitwa, na sababu yake iko hata kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchagua mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo la kabla ya hapo linalindwa moja kwa moja, la baadaye husubiri tamko. Nyumba ya miti, fito na udongo hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, na paa la nyasi hubadilishwa mapema zaidi. Ukihesabu umri wake kwa tarehe ya ukuta, haifiki 1863 kamwe, hata kama namna ya kuijenga ni kongwe kuliko Gereza, ngome ya Kilwa. Sheria inatambua kitu kinachodumu. Haina mahali pa kuandika kitu kinachorudiwa, na kwenye mwambao huu karibu kila jengo la wenyeji ni la kurudiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi hauko ufukoni, uko juu yake, katika milima ya Mbinga. Wamatengo hulima ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana hadi mteremko mzima ugawanyike miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile, zikawa matuta. Katikati panabaki shimo, lenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili hivi. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea ya maharage, ngano na mahindi. Mashamba hayo hukaa ndani ya ntambo, kipande cha mlima kilicho katikati ya vijito viwili ambacho ukoo hukimiliki, na mambo ya ntambo yalizungumzwa kwenye sengu, wanaume wa ukoo walipokula pamoja. Huu ni usanifu kwa maana kamili ya neno: kuna mpango, vipimo, mgawanyo wa kazi na udhibiti wa maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kijapani waliufanyia kazi nzuri tangu miaka ya 1990.

Sasa uweke mlima huo mbele ya vifaa. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima sura ya nchi karibu duniani kote kwa rada, na ramani iliyotokana nacho inatumika hadi leo. Nukta zake ziko umbali wa mita 30 hivi. Shimo la ngoro la mita mbili halionekani humo hata kidogo. Mlima uliochongwa kwa jasho la vizazi unatoka laini kama yai. Droni inayoruka chini ingeona kila tuta. Tanzania inaufahamu ufundi huo: kuanzia mwaka 2016, vijana wa Zanzibar, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walirusha droni na kupiga picha Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani. Ngoro zingehitaji kurukiwa zaidi ya mara moja, wakati wa kulaza nyasi, wakati wa kuchimba na baada ya mvua za kwanza, kwa kuwa umbo lake hukamilika kwa msimu.

Mwaka 2021 Google ilitoa kanzidata ya majengo ya Afrika yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti, majengo milioni 516. Kwa kazi ya kupanga chanjo au umeme ni msaada mkubwa. Kwa historia ya ujenzi, inatoa mchoro wa paa tu. Haijui jiko liko nje au ndani, haioni chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hili, haijui mlango ulielekezwa wapi na kwa nini. Na paa lenyewe linageuka upesi. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imerahisisha safari ya saruji na mabati, na mwenye nyumba ana haki yote ya kuezeka bati lisilovuja. Sioni sababu ya kumwomba mtu aishi chini ya nyasi ili wengine wapate urithi wa kutazama. Ninachokidai ni kipimo kabla ya kubomoa.

Kipimo hicho kingekuwaje Mbaha? Simu janja inatosha kuanzia. Nyumba huzungukwa taratibu, picha zikipigwa kwa kupishana ili kila sehemu ionekane katika picha kadhaa, fimbo ya mita ikiegemezwa ukutani, na programu huria huunda modeli ya pande tatu. Fundi awepo, sauti yake irekodiwe akieleza mti upi haubunguliwi, kamba gani ilitumika kabla ya misumari, udongo ulitoka bonde lipi. Kina cha ziwa siku ile nacho kiandikwe. Nyasa hupanda na kushuka: kati ya mwaka 1915 na 1935 maji yalipungua kiasi kwamba Mto Shire haukuwa ukiyatoa, kisha yakapanda, na mwaka 1980 yakafika juu mno. Modeli ya ufukoni isiyo na kina cha maji itamdanganya mtu wa miaka hamsini ijayo kuhusu umbali wa nyumba na mawimbi.

Umiliki wa mafaili uamuliwe kabla picha ya kwanza haijapigwa. Nakala moja ibaki kijijini kwa idhini ya wenye nyumba, nyingine Makumbusho ya Majimaji pale Songea, nyingine Chuo Kikuu Ardhi, ambako wanafunzi wa usanifu hufundishwa kupima majengo na wangepata huku somo lisilo kwenye vitabu vyao. Wakija, waje Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha na nyasi za kuezekea zimekauka, kwa kuwa huo ndio wakati wa kujenga, na fundi ataweza kupimwa kazi yake akiwa juu ya paa.