Mashimo Manne Yaliyozibwa: Injini za Lubumbashi na Kurudi kwa Kabureta

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Élisabethville, mji wa Kongo ambao mwaka uliofuata ungepewa jina la Lubumbashi, akiueleza kwa macho ya waliokuwa watumishi wa majumbani chini ya Wabelgiji. Mafundi wa magari wa mji huohuo hawakupata mwandishi wa namna hiyo, na anayetaka kuwafahamu hulazimika kufungua boneti na kusoma kazi ya mikono yao katika injini zenyewe. Miongoni mwa kazi hizo, iliyo na mengi ya kueleza ni ile ya kuiondolea injini mfumo wa injeksheni na kuifungia kabureta, kazi ambayo kwa asiyeujua mji huonekana kama kurudi nyuma.

Kabureta huchanganya petroli na hewa bila kuhitaji umeme wala presha kubwa. Hewa inayovutwa na pistoni hupita katika koo jembamba, mwendo wake ukaongezeka na presha yake ikashuka, na petroli iliyo katika kibakuli chenye boya ikanyonywa kupitia jeti, yaani kitundu kilichotobolewa kwa kipimo maalumu, ikatawanyika kama ukungu. Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893, na kanuni yake ilitawala magari ya petroli kwa takriban karne nzima. Injeksheni hufanya kinyume chake, kwa sababu petroli hainyonywi bali husukumwa na pampu kupitia nozeli, ambazo ni mirija midogo ya kunyunyizia, kwa kawaida moja kwa kila silinda. Mercedes-Benz 300 SL iliitumia kwa njia ya mitambo mwaka 1954, na mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilileta mfumo unaoongozwa na elektroniki katika Volkswagen 1600. Mafuta yaliokolewa na nguvu ikaongezeka, lakini uamuzi wa kiasi cha petroli ulihama kutoka katika kitundu kinachoonekana kwa jicho ukaingia katika kisanduku kilichofungwa.

Afrika iliifahamu injeksheni mapema kuliko inavyodhaniwa, na miongoni mwa walioileta ni Peugeot. Gari lake aina ya 404, lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mara 3 mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, liliuzwa pia kwa toleo lenye pampu ya Kugelfischer, na 504 iliyoifuata mwaka 1968 ilifanya vivyo hivyo. Pampu hiyo ilizungushwa na injini yenyewe na kuunganishwa na pedeli ya mafuta kwa vyuma vilivyopimwa kwa usahihi ambao karakana ya kawaida haikuweza kuurudisha vikisha kulika. Jambo lenye uzito kwa historia hii ni kwamba kiwanda kilekile kiliuza pia injini ya jamii hiyohiyo ikiwa na kabureta. Injini yenye injeksheni ilikuwa na ndugu yake barabarani, na ndugu huyo alipokufa kwa ajali au kwa kutu, manifoldi yake, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda, ilibaki ikimsubiri mwingine. Toyota nayo ilikuja kufanya hivyo baadaye: injini ya 22R ilikuwa na kabureta na 22R-E ilikuwa na injeksheni, kama zilivyokuwa 4A-F na 4A-FE.

Karavia, pamoja na ziwa lake, uwanja wake wa gofu na hoteli kubwa inayoitwa leo Grand Karavia, ni upande wa Lubumbashi unaohusishwa na wenye uwezo, yaani wale ambao kwa kawaida gari jipya huwafikia kwanza. Gari hilo likichakaa huuzwa na kuuzwa tena, hadi likafika katika gereji za wazi za mitaa ya Kenya, Katuba au Ruashi mjini humo, mahali ambapo kivuli cha mwembe ndicho paa. Ujuzi uliolipokea huko haukuzuka hivi hivi. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mapadri Wasalesiani walifika mwaka 1911 na kufungua shule ya ufundi, na kampuni ya migodi ya shaba ya Union Minière, iliyotaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, ilifundisha vizazi vya mafundi wa kukereza chuma, kuchomelea na kupima.

Kilichokatika ni njia ya vipuri. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zingekabidhiwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na nyingi kati yake zilifilisika mikononi mwa wamiliki wapya. Bei ya shaba ilianguka, na mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, iliyoelekea baharini. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994, na kati ya tarehe hizo mbili mji uliporwa, Oktoba 1991. Katika hali hiyo, pampu ya Kugelfischer iliyolika au kompyuta ya injini iliyoungua ilikuwa hukumu ya kifo kwa gari ambalo pistoni zake bado zilikuwa nzima.

Hapo ndipo kazi huanza. Kama manifoldi ya injini ndugu haipatikani, fundi hukata bamba la aluminiamu, hulitoboa ili lioane na manifoldi iliyopo chini na kabureta juu, kisha huziba mashimo manne yaliyobeba nozeli. Gasketi haipimwi kwa rula: karatasi nene hulazwa juu ya uso wa chuma na kugongwa taratibu ukingoni kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara, mpaka makali ya chuma chenyewe yakaikata. Pampu ya injeksheni huondolewa, kwa sababu presha yake ya bar 2 na nusu au zaidi ingeishinda sindano ya kibakuli, ambayo huvumilia takriban sehemu ya kumi tu ya hiyo, na petroli ingefurika juu ya injini ya moto. Distribyuta nayo, yaani kigawa cheche, hubadilishwa pale ambapo kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiwahisha cheche, ikafungwa ile yenye vizito na springi vinavyoifanya kazi hiyo vyenyewe.

Kinachobaki ni jeti, na hapa mji wenyewe huingia katika hesabu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, ambapo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani, hivyo kabureta iliyopimwa Ulaya humwaga petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza. Jeti ya Solex iliyoandikwa 125 ina kitundu cha milimita 1.25, na fundi huibadilisha kwa ndogo zaidi au, akiikosa, huziba kitundu kwa risasi ya kulehemu na kukitoboa upya. Kisha gari huendeshwa, plagi hufunguliwa na ncha yake kusomwa: masizi meusi ni petroli nyingi, weupe ni uchache wake, na rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa. Anayefanya haya anafanya kwa jicho kazi ileile ambayo kompyuta huifanya kwa kihisio cha oksijeni, na ni dhuluma kuuita ujuzi huo ubabaishaji.

Gharama yake ilikuwepo. Gari lililobadilishwa hunywa esansi zaidi, kama petroli inavyoitwa Kongo, na moshi wake ni mchafu zaidi, nao huvutwa na wakazi wa mji ambao tayari wamebeba vumbi la viwanda vya kuyeyusha shaba. Hata hivyo esansi yenyewe ilipendelea kabureta. Hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoacha petroli yenye risasi, mwanzoni mwa 2006, risasi hiyo iliharibu vihisio vya oksijeni, na petroli ya madumu ya wauzaji wa kando ya barabara, ambao Wakongo huwaita kadhafi, ilikuja na maji na uchafu. Nozeli iliyoziba kwa uchafu huo huhitaji mashine ya kuisafisha, ilhali jeti huhitaji pumzi ya mdomo tu.

Magari yaliyotumika kutoka Japani, yanayopitia Dar es Salaam na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa yakiwa na usukani upande wa kulia katika nchi inayoendesha kulia, ndiyo yaliyoipunguza kazi hii. Injini zao za baadaye hazina distribyuta wala ndugu mwenye kabureta, na kompyuta zao hupatikana katika rundo la vipuri vilivyotumika. Kwa hiyo injini iliyobadilishwa imekuwa alama ya umri: mashimo manne yenye vizibo vya aluminiamu, kishada cha nyaya kilichokatwa na kufungwa kwa utepe mweusi, na waya wa choki, ambao hufunga koo la hewa asubuhi za baridi za Juni na Julai, ukipita katika kitundu kilichotobolewa kwa mkono chini ya usukani.