Mgeni wa Kilwa



Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. Si kila mtu amejaaliwa nauli na afya ya kusafiri, lakini kila ajuaye kusoma anaweza kufuatana na waliosafiri. Leo twende Kilwa pamoja na kijana mmoja wa Moroko, tuone aliyoyaona, kisha tujiulize sisi wa Songea, tulio mbali na bahari, mambo hayo yanatuhusu nini.

Kijana huyo ni Abu Abdallah Muhammad, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwezi wa Juni mwaka 1325, umri wake miaka 21, alitoka kwao kwenda Hija. Alitoka peke yake, hana rafiki wa njiani wala msafara wa kufuatana nao. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea wasafiri. Huyu akaamkiwa na jamaa yake, yule na rafiki yake, lakini yeye hakupata hata mmoja wa kumtolea salamu, kwa kuwa hakujulikana. Uchungu ukamshinda, akalia. Mmoja wa mahujaji akayaona machozi yake, akamwendea, akamsalimu, akazungumza naye mpaka wakaingia mjini.

Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Mtu huyu baadaye alikaa na wafalme, akawa kadhi Delhi na visiwa vya Maldivi, na safari zake akazisimulia huko Fez kwa mwandishi wake Ibn Juzayy, kitabu kikamalizika mwaka 1355. Miaka 30 ilikuwa imepita, na ile salamu ya Tunis bado alikuwa nayo moyoni. Basi usiidharau salamu unayompa mtu usiyemjua.

NJIA YA KUJA KWETU

Mwaka 1331 alipanda chombo Aden, akapita Zaila na Mogadishu, akashuka pwani yetu. Mogadishu palikuwa na desturi nzuri. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, humpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi na kwa mtawala, akapewa mahali katika nyumba ya wanafunzi. Akaletewa wali wa samli, na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Siku tatu alilishwa, kila siku mara tatu. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, walimletea nguo za kuvaa kwenda msikitini.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini jicho lake halikulala. Aliona kisiwa chenye ndizi na ndimu, watu wanaokula ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kutoka kwingine. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni mwa kila msikiti kisima kimoja au viwili, vifupi, maji yanatekwa kwa chombo cha mti chenye mpini. Watu walikwenda miguu mitupu, na kila aingiaye kuswali huosha miguu yake na kuipangusa kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Akawashuhudia kuwa ni watu wa dini, wenye staha na wema. Tazama jinsi jamvi la mlangoni linavyoweza kuwa shahidi wa mji mzima.

KILWA NA MVUA ZAKE

Kisha akaingia Kilwa, mji mkubwa wa bandari uliokuwa ukinufaika na dhahabu ya Sofala. Aliusifu kuwa katika miji mizuri na iliyojengwa vyema. Akasema nyumba zake ni za mbao na mapaa ni ya majani, na akataja kwamba mvua zake ni nyingi. Mimi naliona neno hilo la mvua kuwa ni neno la mtu aliyefika. Vyombo huja kwa kaskazi, na kaskazi ikiishiwa nguvu mwezi wa Machi, masika hayako mbali. Mgeni hukaa akisikiliza mvua juu ya makuti, akingoja kusi imrudishe.

Leo tunajua kuwa palikuwa na majengo ya mawe pia. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwapo kabla yake. Ng'ambo kidogo, juu ya jabali linalotazama bahari, palikuwa na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Neville Chittick alipochimbua magofu hayo katika miaka ya 1960, dunia ilishangaa.

Sultani wa zama hizo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana. Alikula pamoja na mafakiri na kuwaheshimu wanavyuoni. Ibn Battuta alikuwa naye siku ya Ijumaa, wametoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemeni akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akampa. Fakiri akazifunga, akajitwika, akaenda zake, na watu wakausifu unyenyekevu wa mtawala wao. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri, akamlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Al-Hasan alipokufa alitawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji husema kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu. Wageni aliwaweka miezi mingi kisha akawapa kidogo, mpaka mlango wake ukakosa wa kuubisha.

SHINGO ISHIRINI

Waandishi wengi hukomea hapo, wakasema: mtazame mkarimu, mtazame bahili. Mimi nakuomba tusikomee hapo. Fakiri alipewa shingo ishirini. Watu hao walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe ametaja kuwa sultani huyu alikuwa akiwashambulia mara nyingi watu wa bara na kuleta ngawira. Hao ishirini walikuwa na mama zao na vijiji vyao, na hakuna aliyeandika majina yao.

Sisi wa Ruvuma tunalisoma jambo hili kwa uchungu. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilikatiza nchi hii. Watu walikwenda pwani kwa miguu, shingo zao katika makongwa. Wala waliowakamata hawakuwa wageni peke yao. Watu wa bara pia waliwauza wenzao. Hayo yaliendelea mpaka Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kukataza biashara hiyo baharini, na hata baada yake hayakukatika mara moja.

Fungua Sura At-Tawba, aya ya 60, usome mafungu manane ya zaka. Humo yumo fakiri, yumo msafiri aliyekatikiwa njiani, na yumo aliye utumwani ili akombolewe. Wametajwa katika aya moja. Kilwa ilimkirimu mmoja kwa shingo za wenzake. Ukarimu wa sultani kwa fakiri ulikuwa wa kweli, na dhulma ya watu ishirini ilikuwa ya kweli vilevile. Moja haifuti la pili.

Sasa jitazame nyumbani kwako. Mgeni akija Songea wakati wa mvua, ameroa, umpe moto, uji na mahali pa kulala. Huo ndio mwendo wa dini yetu. Lakini nani anayekesha jikoni? Kama ni mtoto wa kazi ambaye hujamlipa miezi mitatu, basi mgeni wako amekula haki ya mtu. Kama ni mali ya yatima aliye mikononi mwako, sifa unayosifiwa mlangoni haina uzito. Kirimu kwa kilicho chako, kama ile nguo al-Hasan aliyoivua mwilini mwake. Laiti mambo yangeishia kwenye nguo ile.

Kilwa Kisiwani leo ni magofu, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukijaaliwa kufika, ingia msikitini kwa adabu, umwombee rehema mwenyeji na mgeni, na usiwasahau wale ishirini.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayotoa na isiyodhulumu. Amin.