Mipaka Miwili ya Kasese

Neno mpaka, kama tuwafundishavyo wanafunzi wetu, lina kazi mbili: ni jina la mahali nchi ikomapo, tena ni kihusishi cha kungojea, kama tusemapo "mpaka kesho". Wenyeji wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, wamezionja maana zote mbili.

Mpaka wa kwanza ulitoka bondeni. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wasongora. Kisha yakaja malale, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kandokando ya maziwa Edward na George. Nyasi zikaota penye maboma, wanyama wakaongezeka, na nchi iliyohamwa ikaonekana kana kwamba haikupata kuwa na wenyewe. Humo ndimo ilimotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga mwaka 1952, ambayo baada ya ziara ya Malkia Elizabeth mwaka 1954 ikapewa jina lake. Hatukatai kwamba tembo na viboko walistahili kulindwa. Twauliza tu: wachora ramani waliipima nchi ile katika siku gani ya historia yake?

Katwe haikuweza kufutwa. Chumvi ya ziwa lake ilichimbwa tangu kabla ya ramani yoyote, ikagombewa na wafalme, na mwaka 1891 Lugard alijenga ngome papo hapo. Basi Katwe, pamoja na vijiji vya wavuvi kama Hamukungu na Kayanja, viliachwa ndani ya hifadhi mithili ya visiwa: kuvua ruhusa, kulima marufuku.

Mpaka wa pili ulishuka kutoka mlimani. Msitu wa Rwenzori, uliohifadhiwa kisheria tangu 1941, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wakonzo waliozoea kukata mianzi na kuchuma dawa humo wakajikuta wageni wa kuomba idhini. Mkulima wa Bwera sasa ana hifadhi juu yake na hifadhi chini yake, na watoto wanaotaka urithi wa shamba katikati. (Tembo, bila shaka, hawakuarifiwa juu ya vigingi.)

Mwaka 2006 Wasongora waliofukuzwa Kongo waliingiza ng'ombe wao hifadhini, wakisema wamerudi kwao. Mwaka uliofuata serikali iliamua wahamishiwe nje, katika ardhi ambayo wakulima wa Kikonzo nao waliitaka, na ugomvi ukahama pamoja na ng'ombe.