Kivuli na uvuli

Kivuli ni umbo la giza linaloanguka chini au ukutani pale kitu kinapozuia mwanga. Uvuli ni hali ya mahali pasipofikiwa na jua. Katika mazungumzo maneno haya hupishana bila shida, na wengi husema wamekaa kivulini, lakini mchoraji wa rangi za maji anayahitaji yote mawili. Upande wa nyumba uliolipa jua kisogo una uvuli. Umbo la mti lililoangukia ukuta unaopigwa na jua ni kivuli.

Tofauti hiyo huongoza brashi. Uvuli wa kitu cha mviringo, kama mtungi, hufifia polepole, hivyo hupakwa karatasi ikiwa bado na maji ili rangi isambae yenyewe. Kivuli kilicho karibu na kitu chake kina kingo kali. Hupakwa karatasi ikishakauka, kwa mkupuo mmoja. Mwanga haupakwi kabisa, maana ni weupe wa karatasi ulioachwa wazi.

Mfano bora ni mchoro wa John Singer Sargent wa mwaka 1909, Corfu: Lights and Shadows, uliopo Museum of Fine Arts, Boston. Nyumba ni nyeupe, lakini vivuli vya mti vilivyotanda ukutani ni vya buluu na zambarau, na ndivyo vinavyolifanya jua lionekane kali. Rangi nyeusi ingeuua mwanga huo. Walimu wa sanaa wayatenganishe maneno haya darasani.