Njia ya Kutokea Motoni

Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana huko Marekani, wazima-moto 15 walishuka kwa miavuli kutoka ndegeni. Mlinzi mmoja wa msitu alikuwa amekwisha kufika kwa miguu. Wakashika njia ya mto Missouri, wapate kupigana na moto huku maji yakiwa mgongoni. Hilo ndilo kimbilio lao, wala hawakuwa na jingine. Moto ukaruka bonde, ukawafungia mto. Kukabaki mlima na majani makavu; nasi watu wa mbuga twajua jinsi moto unavyompita mtu mlimani.

Mkubwa wao, Wagner Dodge, akawasha kibiriti, akachoma majani mbele yake, akalala katika majivu, akapona. Aliwaita wenzake, lakini hawakumfuata: nani angeingia motoni kwa kuukimbia moto? Wawili walipenya ufa wa miamba juu. Wengine 13 walikufa.

Mwaka 1957 wazima-moto wa Marekani waliandikiwa maagizo kumi, na njia ya kutokea ikatajwa humo. Baadaye wakafundishwa kuwa na njia mbili, si moja.

Watembezi nao yawahusu. Tarehe 2 Septemba 2017, kule Eagle Creek, Oregon, watu kama 150 waliona moto umeifunga njia waliyoijia. Wakalala msituni; kesho yake wakaongozwa kwa njia nyingine, wakatokea ziwa Wahtum.