Kazi ya Hatari: Wanawake wa Viwanda vya Silaha katika Chapa za Hartrick

Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa litografia 66 kuhusu vita. A. S. Hartrick alichora sita juu ya kazi za wanawake. Tatu ni za viwanda vya silaha, nazo zaitwa Kazi ya Ustadi, Kazi Nzito na Kazi ya Hatari. Katika hii ya mwisho, wanawake wanapakia TNT, kilipuzi ambacho sumu yake iligeuza ngozi kuwa ya manjano, hata wafanyakazi wakaitwa kanari, kwa jina la ndege. Wino mweusi haukuweza kuonyesha umanjano huo. Hatari, basi, imebebwa na anwani. Aitazamaye picha pasipo kuisoma huona kazi tu, asione gharama yake.