Nani Humwangalia Msichana Akiwa Bwenini?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Taifa liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sidhani kama wenye shule za kulipia walifurahi, maana orodha ile ilikuwa tangazo lao la bure. Mimi nilifurahi. Kwa shule ya bweni ya wasichana, alama za mtihani hueleza sehemu ndogo tu ya miaka minne. Yako maswali mengine: usiku binti huangaliwa na nani, maji huyapata wapi, na akitishwa au akiugua humwambia nani. Maswali hayo hayajapata kuwa na orodha, ijapokuwa kule kusini, Masasi na Newala, yana umri wa zaidi ya miaka 100.

Misheni ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere akiongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Mwaka 1882 Wagwangwara waliivamia Masasi, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala. Wasichana walikuwa wakisomeshwa mbali, Mbweni huko Unguja, katika shule iliyoongozwa kwa miaka mingi na Bi. Caroline Thackeray. Huko ndiko alikosoma Lucy, mke wa Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo, na ambaye alitumika Chitangali kati ya Wayao. Mbweni iliwagawa mabinti: walioonekana hodari walisomea ualimu, na wengine wakapelekwa kwenye kufua, kupika na kazi za mikono. Aliyeamua nani ni hodari hakuwa mzazi wala binti mwenyewe.

Lakini wenyeji wa bara lile walikuwa na shule yao tayari, nayo ni unyago. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, aliliona hilo. Badala ya kupiga vita jando, alilitia ndani ya Kanisa, mapadri wakiwa pamoja na wavulana. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mambo ya unyago yalikuwa mikononi mwa wanawake watu wazima, na hao hawakuwa tayari kumkabidhi askofu siri zao. Unyago una lawama zake, na hasa lawama ya kuwaharakisha watoto kwenye ndoa, nami sizipuuzi. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo bweni halikulirithi: kila mwali alikuwa na kungwi wake, mtu mzima anayejulikana kwa jina, ambaye angeweza kumwuliza lolote.

Bweni lilimpa matroni mmoja kwa mabweni kadhaa, na kufuli.

Kuhusu kufuli hilo, sipendi kulizungumza kwa utani. Juni 1994, Shauritanga, wilayani Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Machi 1998, Bombolulu, karibu na Mazeras nchini Kenya, wakafa wengine zaidi ya 20. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Agosti 2009, Idodi, mkoani Iringa, wakafa 12. Nondo za Bombolulu ziliwekwa kwa nia ya kuwalinda. Yaelekea waliozifunga walimfikiria mwanamume wa nje, wala hawakuufikiria moto wa ndani.

Tena kuna maji. Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani. Mradi mkubwa wa maji ulianza miaka ya 1950, lakini mzazi wa Mnyambe hahitaji kuelezwa shida ya maji ni nini. Shule ya wavulana isiyo na maji ni taabu. Ya wasichana isiyo na maji huwapotezea masomo kila mwezi, na wakaguzi wengi wa zamani, wakiwa wanaume, hawakuuliza.

Mpango wa sekondari wa mwaka 2004 ulileta shule za kata. Nafasi zikaongezeka sana, na hilo ni jema, ila shule nyingi hazikuwa na bweni. Mabinti wa vijiji vya mbali wakapanga vyumba mitaani, wanajipikia, mlango hauna komeo la maana. Aliyepata mimba alifukuzwa kwa kanuni za mwaka 2002, hadi Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba waruhusiwe kurudi. Hapo katikati kuna karibu miaka 20. Aliyekuwa kidato cha pili siku ile sasa ana mtoto aliyemaliza shule.

Leo Serikali inazo shule mpya 26 za sayansi za wasichana, moja kwa kila mkoa wa Bara. Nimesikia habari nyingi za maabara zake, na maabara zatakikana. Ningependa kusikia pia kila bweni lina milango mingapi, tangi la maji ni la lita ngapi, na matroni analala wapi, analipwa kiasi gani, na ana wasichana wangapi wa kuwaangalia.